Usiionee haya banjo, ndugu yangu mwanafunzi

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wa chuo kimoja hapa jijini. Jina lake sitalitaja, wala la chuo chake, kwani aliniomba nisifanye hivyo. Lakini nina hakika kwamba wengi wenu mtamtambua. Si kwa sura bali kwa masaibu yake.

Kijana huyu alinunua banjo kuukuu kwa pesa alizodunduliza mwaka mzima. Alikuwa amezisikia nyimbo za kale za wachimba makaa ya mawe wa milima ya Appalachia huko Marekani, zile ambazo mwimbaji husikika kama mtu anayetembea peke yake usiku akijiliwaza kwa sauti. Moyo wake ukanasa.

Taabu ilianza alipoileta banjo yenyewe chumbani. Wenzake walimcheka na kumwuliza tangu lini amekuwa mzungu wa kuchunga ng'ombe. Baba yake aliposikia, alimpigia simu na kumkumbusha kwamba ndama wawili hawakuuzwa ili mtu akakune nyuzi mjini. Juu ya hayo, vidole vyenyewe vimekataa. Huu ni mwezi wa tatu, na hajaweza kupiga wimbo hata mmoja hadi mwisho.

"Mwalimu, niiuze au niendelee?" Ndivyo alivyoimaliza barua yake.

Jibu langu ni fupi: usiiuze. Lakini jibu fupi halimshibishi mtu mwenye njaa, na najua wako wengine majumbani mwenye hamu kama hiyo ya gitaa, kinanda au nyatiti. Kwa hivyo leo tuketi kitako tulizungumze jambo hili kwa kirefu.

NI YA NANI?

Hebu tuanze na hao wanaokucheka. Wanasema banjo ni ala ya wazungu. La hasha! Banjo ni mtoto wa Afrika aliyezaliwa uhamishoni.

Watu waliokamatwa Afrika Magharibi na kuvushwa bahari kama watumwa hawakuruhusiwa kubeba chochote, lakini hakuna aliyeweza kuwapokonya walichokijua kichwani. Walipofika visiwa vya Karibiani walitafuta vibuyu, wakavikata, wakaviwamba ngozi, wakachomeka mti wa kuwa shingo na kufunga nyuzi. Daktari mmoja, Hans Sloane, aliyeishi Jamaica kati ya mwaka wa 1687 na 1689, aliziona ala hizo zikipigwa. Alizieleza na kuzionyesha kwa mchoro katika kitabu chake kilichotolewa mwaka wa 1707.

Ukienda leo Gambia na kusini mwa Senegal utawakuta Wajola wakipiga akonting. Ni kibuyu kilichowambwa ngozi, na kina nyuzi tatu. Mmojawapo ni mfupi kuliko wenzake, nao hupigwa kwa kidole gumba. Mpigaji huzipiga nyuzi nyingine kwa kushusha ukucha. Mtu yeyote aliyewahi kuipiga banjo kwa mtindo wa kale akimwona Mjola huyo atatikisa kichwa kwa mshangao, maana mkono ni ule ule.

Kuna picha maarufu iliyochorwa Carolina Kusini mwishoni mwa karne ya 18, inayoitwa The Old Plantation. Inawaonyesha watumwa wakicheza ngoma, na mmoja wao ameshika banjo ya kibuyu. Huo uzi mfupi wa kidole gumba unaonekana wazi. Kwa hivyo yeyote atakayekwambia kwamba uzi huo ulibuniwa na mzungu, mwonyeshe picha hiyo.

Wazungu waliingiaje basi? Kuanzia miaka ya 1830, mtu mmoja wa Virginia aitwaye Joel Sweeney, aliyejifunza kwa watu weusi, alianza kuipiga banjo majukwaani. Baada yake vikaja vikundi vizima vya wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwaiga watu weusi kwa dhihaka. Watu walilipa viingilio ili kuwacheka watumwa, na kicheko hicho kiliambatana na banjo.

Je, wewe ungefanya nini kama ala ya babu yako ingegeuzwa kuwa kichekesho? Wengi wao waliiweka chini. Gitaa za bei nafuu zilipoanza kuuzwa kwa posta mwanzoni mwa karne ya 20, vijana weusi walizikimbilia, nazo zikawafaa sana kwa bluzi. Banjo ikabaki mikononi mwa wazungu maskini wa milimani, na baada ya miaka michache dunia ikasahau mwenyewe alikuwa nani.

Naam, wenzako wanapokucheka wanarudia uongo wa zamani bila kujua.

BLUZI ILIVYOINGIA

Sasa tuje kwenye nyimbo zenyewe unazozipenda. Mwishoni mwa karne ya 19, reli na migodi iliwakutanisha watu waliokuwa wametengwa. Wanaume weusi na weupe walichimba makaa yale yale na kulaza mataruma yale yale. Mchana walifanya kazi, na jioni masikio hayakuwa na ukuta wa kuyatenganisha.

Chukua mfano wa Dock Boggs. Alizaliwa karibu na mji wa Norton, Virginia, mwaka wa 1898, na alipokuwa na umri wa miaka 12 tayari alikuwa akifanya kazi migodini. Akiwa mtoto alikuwa akimfuata nyuma mpiga gitaa mmoja mweusi kando ya reli, akimsihi apige wimbo mwingine. Baadaye aliwaona wanamuziki weusi wakipiga dansi, na mpiga banjo wao hakuzichapa nyuzi kama wazungu wa kwao walivyofanya. Alizidonoa moja moja kwa vidole. Boggs akaapa moyoni kwamba naye atapiga hivyo.

Na alipiga. Mwaka wa 1927 alisafiri hadi New York na kurekodi nyimbo nane. Nyingine alikuwa amezitoa katika sahani za santuri za waimbaji wanawake weusi wa bluzi, akazihamisha kutoka kwenye piano hadi kwenye banjo. Ukizisikiliza hutajua kama anaimba mzungu au mtu mweusi, na nadhani hilo halikumsumbua hata kidogo.

Lakini maisha hayakuwa na huruma. Shida za uchumi za miaka ya 1930 ziliivunja biashara ya santuri. Mkewe, aliyekuwa mcha Mungu, hakuupenda muziki wala ulevi na vurugu zilizoandamana nao, na kusema kweli mama huyo alikuwa na sababu. Boggs akaiweka banjo kando kwa takriban miaka 25, akarudi kuchimba makaa hadi alipostaafu.

Mwaka wa 1963 mwanamuziki Mike Seeger alimtafuta na kumpata. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuzikumbusha nyuzi vidole vyake. Mwaka huo huo alipanda jukwaani, mzee wa miaka 65, akazipiga nyimbo za ujana wake mbele ya vijana waliodhani alikufa zamani. Alifariki mwaka wa 1971.

MTUMISHI WA NYUMBA ALIYENYAMAZA

Kisa kingine nakileta kwa ajili ya akina mama na akina dada wanaosoma ukurasa huu.

Elizabeth Cotten alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 karibu na Chapel Hill, Carolina Kaskazini. Kaka yake alipotoka kwenda kazini, binti huyu aliiiba banjo yake na kujifundisha. Alikuwa na mkono wa kushoto na hakukuwa na mtu wa kumgeuzia nyuzi, basi akaipindua ala juu chini na kuendelea. Aliacha shule akiwa mdogo akafanya kazi ya nyumbani kwa watu, akilipwa senti 75 za Marekani kwa mwezi, na akiba yake ikamnunulia gitaa la dola 3 na senti 75.

Kisha akaolewa, akaokoka, na wazee wa kanisa wakamshauri aachane na nyimbo za kidunia. Aliacha kwa zaidi ya miaka 30.

Akiwa mama mtu mzima mjini Washington, siku moja dukani alipokuwa akifanya kazi alimwona mtoto aliyepotea akamrejesha kwa mama yake. Mama yule alikuwa wa ukoo wa Seeger, nyumba ya wanamuziki, naye akamwajiri kuwapikia na kuwalelea watoto. Gitaa lilikuwa limetundikwa ukutani. Siku moja watoto walimkuta mpishi wao amelishika, akilipiga juu chini, wimbo alioutunga akiwa msichana.

Yule Mike Seeger niliyemtaja hapo juu alikuwa mmoja wa watoto wa nyumba hiyo. Ndiye aliyemrekodi, na sahani yake ya kwanza ikatoka mwaka wa 1958, ikiwa na vipande vya banjo pia. Mwaka wa 1985, akiwa na umri wa miaka ya tisini, bibi huyu alitunukiwa tuzo ya Grammy.

Nawauliza ninyi wenye nyumba: mnajua yule dada anayewapikia ugali anaweza kuimba nini?

CHOMBO CHENYEWE

Basi, ndugu mwanafunzi, tuiangalie banjo yako. Kwanza hesabu nyuzi. Ziko banjo za nyuzi nne, zinazopigwa kwa kipande cha plastiki katika jazi na muziki wa Ireland. Hizo hazitakufaa. Unahitaji ya nyuzi tano, ule wa tano ukiwa mfupi na kuanzia katikati ya shingo, kwenye freti ya tano.

Pili, tazama kile kibao kidogo kinachoziinua nyuzi juu ya ngozi. Hakikubandikwa kwa gundi. Kinasimama kwa nguvu ya nyuzi tu. Banjo za mitumba nyingi zina kibao kilichosogea, ndiyo maana haziimbi vizuri hata mpigaji afanyeje. Chukua rula. Umbali kutoka juu ya shingo, nyuzi zinapoanzia, hadi freti ya 12 ulingane na umbali wa kutoka freti ya 12 hadi kwenye kibao. Kisogeze taratibu hadi upate. Nashuku kwamba robo ya matatizo yako itakwisha papo hapo.

Tatu, nyuzi. Kama zina kutu, zitoe. Ukikosa za banjo mjini, uzi wa kwanza wa gitaa mwembamba, wa namba 9 au 10, utafaa kwa uzi wa kwanza na wa tano.

Nne, jirani. Banjo ina sauti ya kupenya kuta, nami nimewahi kugongewa ukuta kwa fimbo ya ufagio saa tatu za usiku. Chukua soksi au kitambaa, ukisokomeze kwa nyuma baina ya ngozi na ule mti unaopita ndani. Sauti itakuwa nzito na ya chini, na wapenzi wengi wa nyimbo za kale huipendelea hivyo hata pasipo jirani.

Na kama huna pesa za kununua banjo yoyote? Gus Cannon wa Memphis, aliyezaliwa katika miaka ya 1880 na kuishi hadi mwaka wa 1979, alijitengenezea ya kwanza kwa sufuria ya kuokea mikate na ngozi ya mnyama. Mtu huyo huyo alirekodi bluzi kwa banjo mwaka wa 1927. Mtoto wa Kenya aliyewahi kujitengenezea gari la waya hawezi kushindwa na kopo.

NJOO HAPA, NJOO HAPA

Sasa zitie nyuzi sauti. Anza na mpangilio wa kawaida: uzi wa tano ule mfupi ni G ya juu, wa nne D, wa tatu G, wa pili B, wa kwanza D. Programu za kutuni zilizo kwenye simu zitakusaidia. Usipofanya hivi kila siku kabla ya kuanza, utakuwa unalizoeza sikio lako makosa.

Mkono wa kulia uukunje kana kwamba umeshika kikombe cha chai. Usichokonoe nyuzi kwenda juu kama mpiga gitaa. Utashusha mkono mzima, na ukucha wa kidole cha shahada au cha kati ndio utakaogonga.

Kuna hatua tatu. Ya kwanza, ukucha unagonga uzi mmoja. Ya pili, ukucha unashuka tena na kuzipitia nyuzi kadhaa kwa pamoja. Wakati huo huo kidole gumba kinatua juu ya uzi wa tano na kupumzika hapo. Ya tatu, mkono unapoinuka, gumba linauachilia uzi ule wa tano, nao unalia.

Mapigo yake si sawa. La kwanza ni refu, na mawili yanayofuata ni mafupi. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kwa maneno haya: njoo hapa, njoo hapa. "Njoo" ni ukucha, "ha" ni kupitia nyuzi, "pa" ni gumba. Yaseme kwa sauti huku ukipiga. Anza polepole kama mtu anayemwita mtoto mwenye usingizi.

Kwa wiki mbili usifanye jambo jingine. Najua utachoka. Najua utatamani wimbo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasadiki hapa ndipo ulipokosea: ulikimbilia wimbo kabla ya mkono kujua njia. Dakika 15 kila siku zitakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu mkono hujifunza ukiwa umelala. Haba na haba hujaza kibaba.

FRETI YA TATU

Wiki ya tatu mkono wa kushoto uingie kazini, na hapa ndipo bluzi inapokaa.

Katika mpangilio wa G, bonyeza uzi wa tatu kwenye freti ya nne. Utapata sauti ya furaha, ile inayofundishwa shuleni katika do-re-mi. Sasa bonyeza freti ya tatu. Wimbo umeingia huzuni. Mwimbaji wa bluzi hakai hapa wala pale, anaishi katikati. Basi bonyeza freti ya tatu, halafu telezesha kidole kuelekea ya nne, au uusukume uzi kidogo kwa pembeni. Hicho kilio kinachosikika njiani ndicho kilichokufanya uinunue banjo.

Jaribu vile vile freti ya tatu ya uzi wa kwanza na ya uzi wa nne. Hizo pia ni sauti za bluzi. Kwa hivyo kumbuka jambo moja: freti ya tatu kwenye uzi wa kwanza, wa tatu na wa nne. Ukizijua hizo tatu, pamoja na nyuzi zilizo wazi, una vifaa vya kutosha kwa nyimbo nyingi.

Kisha jifunze mambo mawili zaidi ya kidole cha kushoto. La kwanza ni kugonga: uzi ukiwa bado unalia, ushukie kwa kidole kwenye freti, nao utatoa sauti ya pili bila mkono wa kulia. La pili ni kunyofoa: ondoa kidole huku ukiukwaruza uzi. Utapata sauti mbili kwa pigo moja.

Utakapozoea, upandishe uzi wa pili kutoka B hadi C. Badiliko hilo dogo linageuza kila kitu. Ukizipiga nyuzi wazi, sauti haitakuwa ya furaha wala ya huzuni. Itakuwa kama swali lisilojibiwa. Wazee wa milimani waliupenda mpangilio huu kwa nyimbo za upweke. Clarence Ashley aliutumia aliporekodi The Coo Coo Bird mwaka wa 1929, wimbo unaoweza kuwa wa kwanza kwako, kwani karibu wote unakaa mahali pamoja bila kubadilisha kodi.

Neno moja kuhusu kuimba. Katika nyimbo hizi banjo haimfuati mwimbaji kwa kodi kama gitaa la kanisani. Banjo huimba tyuni ile ile anayoiimba mtu, kisha mtu anaponyamaza, yenyewe humjibu. Kwa hivyo jifunze kuuimba wimbo kwanza, ukiwa unafua nguo au unangojea matatu. Ukishakuwa kooni, vidole vitautafuta vyenyewe. Na beti zenyewe usiziogope. Huelea kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Ubeti ulioukuta hapa utaukuta na kule.

Sikiliza pia watu weusi walioishikilia banjo wakati wengine walipoiacha. Mwaka wa 1998 ilitolewa sahani iitwayo Black Banjo Songsters of North Carolina and Virginia. Humo wamo wazee kama Dink Roberts, John Snipes na Odell Thompson. Binamu yake Odell, mpiga fidla Joe Thompson, aliishi hadi mwaka wa 2012. Baada ya mkutano wa wapiga banjo weusi uliofanyika Boone, Carolina Kaskazini, mwaka wa 2005, vijana walikuwa wakienda nyumbani kwake na kujifunza magotini pake. Wakaunda kikundi cha Carolina Chocolate Drops, kilichopata Grammy mwaka wa 2011. Mmoja wao, Rhiannon Giddens, ndiye aliyeipiga banjo katika wimbo Texas Hold 'Em wa Beyoncé mwaka wa 2024. Waambie hao wanaokucheka chumbani. Bila shaka waliucheza wimbo huo.

Na usidhani sisi tuko mbali na mambo haya. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Huyo hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mzungu wa Mississippi aliyeimba bluzi kwa kupaza sauti, ambaye santuri zake zilifika hadi Kericho. Mpiga banjo Béla Fleck naye alizuru Uganda, Tanzania, Gambia na Mali mwaka wa 2005 kuitafuta asili ya ala yake. Filamu ya safari hiyo ikapewa jina linalotokana na Bagamoyo: bwaga moyo.

KUHUSU MZEE

Sasa baba yako. Usimdharau. Mtu aliyeuza ndama wawili ana haki ya kuuliza wamekwenda wapi. Dock Boggs mwenyewe alijua kwamba muziki ukiandamana na chupa huibomoa nyumba.

Kwa hivyo mwonyeshe kwa vitendo. Masomo kwanza, banjo dakika 15. Matokeo ya mtihani yakitoka, yapeleke nyumbani pamoja na banjo. Jioni, baada ya chakula, usimwombe ruhusa wala usimhubirie. Mpigie tu. Kisha mwulize kwao walikuwa wakipiga nini alipokuwa mtoto. Nadhani mazungumzo yatakuwa marefu kuliko unavyotarajia.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikuuliza.

Babu yangu huko Bungoma alikuwa na litungu ya nyuzi saba, iliyotundikwa juu ya meko. Jioni aliishusha akatutajia ukoo wetu kwa nyimbo, jina baada ya jina. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuja likizo na marafiki wawili kutoka mjini. Kabla hawajafika nilimwomba nyanya aifiche litungu ile, maana niliona itatuonyesha kuwa washamba. Babu alisikia. Hakusema neno. Aliishusha mwenyewe akaipeleka ghalani.

Hakuipandisha tena. Alipofariki tuliikuta, mchwa wameimaliza, zimebaki nyuzi na kipande cha mti. Yale majina aliyoyaimba, mimi leo nayajua manne tu. Nimewauliza ndugu zangu wote. Hakuna ajuaye la tano.

Nilipoanza kujifunza banjo nikiwa mtu mzima, wengi walidhani nimependa mambo ya Marekani. Ukweli ni kwamba nilisoma jinsi watu wale walivyoiweka chini ala yao kwa kuona haya, nikajitambua. Wao walipata mzee mmoja aliyebaki, wakamwahi. Mimi nilichelewa.

Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema. Kwa hivyo ndugu mwanafunzi, isogeze ile daraja ya kibao, zitie nyuzi sauti, na uanze leo jioni: njoo hapa, njoo hapa. Na wewe msomaji mwingine usiye na banjo, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliye na ala iliyotundikwa mahali, mpigie simu kabla jua halijatua. Mwombe akupigie wimbo mmoja.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema.